Rweya ya Isingiro: akina mama walivyotufungia njia sisi watu wa pikipiki

Wakuu, habari za muda huu. Walionizidi umri, shikamooni.

Ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na baadhi ya waliokuwepo bado wako hai. Majina nimebadilisha. Mengine yote yalitokea hivi hivi.

Ni miaka ya themanini mwishoni. Kyerwa haijawa wilaya, kote huko tulikuwa Karagwe. Nilikuwa kijana wa zahanati moja maeneo ya Isingiro, kazi yangu kupeleka chanjo vijijini. Nilipewa pikipiki ya trail, ile ndefu yenye matairi ya meno, na kikasha baridi cha chanjo nakifunga nyuma kwa mpira.

Kwa wasiojua, chanjo ikishapata joto imekufa. Ukiitoa kwenye friji na barafu zake, unaanza kushindana na jua.

Barabara ya kwenda upande wa Bugomora ilikuwa inazunguka mlima wote. Lakini kulikuwa na njia ya mkato kupitia rweya.

Wageni wa kwetu, rweya ni ile nyika ya majani juu ya vilima, haina mwenyewe, ni ya kijiji kizima. Pale ng'ombe wanalishwa. Pale watu wanakata nyasi za kuezekea na za kutandaza migombani. Na chini ya rweya ile kulikuwa na chemchemi ambayo karibu kila nyumba ya pale ilichota.

Pikipiki zilikuwa chache mno. Padre alikuwa nayo, bwana shamba alikuwa nayo, waliobaki ni watu wa kahawa. Na kahawa ya miaka ile mnajua wenyewe, nyingine ilikuwa inavuka mpaka kienyeji. Kwa hiyo mlio ukisikika juu ya rweya, wananchi walisema "magendo hao wanapita". Hata mimi na koti langu jeupe nilikuwa naitwa magendo mpaka nisimame wanitambue.

Katika watu wa kahawa alikuwepo Sospeter, kijana wa Kihanga, dereva wa pikipiki ya tajiri mmoja. Jumapili watu wakitoka kanisani, alikuwa anapanda ule ubavu wa rweya palipo wima kabisa. Gurudumu la nyuma linachimba, udongo unaruka, vijana wanashangilia. Nami nilikuwa nasimama kuangalia. Chombo alikijua, siwezi kumnyima hilo.

Basi masika ilikuwa ikifika, ile njia ya mkato inateleza. Kila mmoja wetu anakwepa tope la mwenzake na kupita pembeni kwenye nyasi. Kesho yake pembeni nako tope, mtu anasogea tena. Njia iliyokuwa ya mguu mmoja ikawa pana kama shamba lililolimwa. Na pale Sospeter alipokuwa anapandia, nyasi ziliisha kabisa, ukabaki udongo mwekundu.

Mwaka huo mvua ilipiga kweli kweli. Maji yakafuata alama za matairi, yakachimba korongo, na udongo wote ukashuka moja kwa moja kwenye chemchemi. Ikafukiwa.

Mimi sikujua. Asubuhi nimefunga kikasha changu, napanda rweya, nakuta magogo na miiba vimelazwa njiani. Nyuma yake wamekaa akina mama na majembe, wamejaa tope hadi magotini.

Aliyesimama ni Ma Leokadia. Mama wa makamo, familia yao ilitoka Rwanda zamani, yeye na mumewe walilima migomba na kahawa jirani na chemchemi. Ndiye alikuwa anawaongoza wenzake kuisafisha.

Nilizima injini, nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu. Halafu akasema:

"Mwanangu, leo unamchanja mtoto wangu, kesho anakunywa tope la gurudumu lako. Sasa unamponya au unamuua?"

Nikamwambia aliyeharibu ni Sospeter na watu wa kahawa, mimi napita na dawa za serikali.

"Hilo tope halikuniambia limetoka kwa nani," akasema, akarudi kukaa.

Niligeuza, nikazunguka kwa barabara. Njiani nilikwama mara kadhaa kwenye utelezi. Nafika Bugomora jua limeshapinda, nafungua kikasha, barafu imekuwa maji ya vuguvugu. Akina mama walikuwa wamengoja na watoto tangu asubuhi. Ilibidi niwaambie warudi nyumbani. Na siku zile surua ilikuwa imeshasikika vijiji vya jirani. Yule aliyekuwa karibu yangu alimfunga mtoto wake mgongoni, akaondoka. Nyuso zile sijazisahau.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Sospeter naye alikuja, na ndiye aliyeharibu mambo zaidi. Alisimama akasema rweya ni ardhi ya umma, na yeye pia ni umma, hakuna wa kumzuia.

Ma Leokadia akamuuliza kwa upole, "Na chemchemi je, baba? Hiyo umma wake ni nani?"

Watu wakacheka, Sospeter akatoka kwa hasira. Kijiji kikapitisha: hakuna pikipiki yoyote kukanyaga rweya. Nikaomba ya chanjo iachwe. Mwenyekiti akakataa. Alisema wakimfungulia mmoja wote watapita nyuma yake, na koti jeupe kila mtu anaweza kushonewa.

Niliporudi zahanati, mganga wetu mzee hakunilaumu. Aliniambia tu nisirudi kule kuomba njia, niende kwanza kuchimba.

Nikaenda kwa miguu, jembe begani. Ma Leokadia alinionyesha pa kuanzia. Kazi ile acheni kabisa. Unatoa udongo, mvua inashusha mwingine. Nilikuwa naona hapo chini alama za meno ya matairi zimeganda kwenye mabonge ya udongo, nayatupa pembeni, mengine yanakuja.

Tukiwa pale mchana, tukasikia mlio juu. Sospeter. Alikuwa ameyavuta magogo pembeni akapita.

Kitu ambacho hakujua, maji yalikuwa yamekula ukingo wa korongo kwa chini. Juu unaona nyasi, chini hakuna kitu. Pikipiki ilizama gurudumu la mbele, mtu na chombo wakaingia ndani.

Wa kwanza kumfikia ni Ma Leokadia. Mguu wa Sospeter ulikuwa umechanika kuanzia chini ya goti, umejaa udongo. Mimi, kwa ile elimu yangu ndogo ya zahanati, nikapaza sauti waniletee maji safi nioshe kidonda.

Ma Leokadia akanitazama. "Maji yapi?"

Tulikuwa tumesimama juu ya chemchemi na hapakuwa na kikombe cha maji ya kumwosha mtu. Sospeter alisikia, alikuwa na fahamu zake zote. Alifumba macho.

Binti mmoja alitumwa bonde la pili, akachukua muda mrefu kurudi. Tukamfunga kwa khanga ya Ma Leokadia, wanaume wakaitwa, akabebwa kwa machela hadi barabarani. Waliombeba ni baba na kaka wa wale aliowafukia maji. Kidonda kilioza, akalazwa siku nyingi, na mguu haukunyooka tena vizuri.

Chemchemi ilikuwa haijakamilika alipotokea tena, anachechemea na fimbo. Watu walidhani amefuata vipande vya pikipiki. Alimsogelea Ma Leokadia, akamwamkia, akasema:

"Mama, naomba kazi ya kufanya nimekaa."

Akampa nyundo. Sospeter akakaa akawa anaponda mawe ya kujengea ukuta wa chemchemi, kila siku hadi ukuta ulipoisha. Wenzake wa kahawa walipoona hivyo, nao wakaja, wakabeba mawe na kupanda mabingobingo, yale majani marefu yanayoshika udongo, kwenye korongo. Kwa mara ya kwanza nikasikia wananchi wakiwaita kwa majina yao badala ya kusema magendo.

Lakini njia hawakutufungulia kama zamani, na hapa ndipo nilipojifunza.

Ma Leokadia alikuja zahanati mwenyewe. Alisema masika pikipiki haitakanyaga rweya, hilo limeisha. Kiangazi tutapita mstari mmoja tu, ule wa mgongo wa mlima wenye mawe, na anayetoka nje ya mstari anarudi kuchimba. Halafu akauliza, "Kwani kinachotakiwa kufika Bugomora ni pikipiki, au ni hicho kikasha?"

Nikasema ni kikasha.

"Basi kilete hadi kwenye magogo."

Siku ya chanjo nikaiacha pikipiki pale. Ma Leokadia akajitwisha kikasha kichwani, akakata rweya kwa miguu, mimi nyuma yake. Katikati mwenzake akampokea, mbele akapokea mwingine, wanaenda mwendo wa kuteremka sokoni. Tulipofungua kule Bugomora, vipande vya barafu viligongana ndani. Watoto wote waliokuja siku ile walichanjwa.

Nilifanya hivyo kila masika hadi nilipohamishwa miaka ya tisini.

Wakuu, ninyi mnaopenda kupanda milima na hizi pikipiki za off-road, somo langu ni hili. Ardhi ya umma ina watu chini yake, wanaokunywa kinachoshuka. Ukiharibu peke yako tunatukanwa wote, na hapo maneno hayasaidii, shika jembe kwanza. Na ukifungiwa njia, usikimbilie kudai haki. Muulize aliyefunga anachokunywa kinatoka wapi.

Waliokaa Karagwe na Kyerwa miaka hiyo, rweya za kwenu zilikuwaje? Na wapanda pikipiki wa sasa mnaelewana vipi na wanavijiji? Nipo hapa, hata wa kunipinga karibuni.