Mikono Mirefu ya Kidosho

Kila fundi cherehani ana uongo wake mmoja anaoupenda, na Fundi Chaki aliurithi wa kwake kwa mama, pamoja na cherehani, mkasi na mwanasesere. Uongo wenyewe ulikuwa huu: "Kitambaa kimebana kidogo."

Hakuwa mwizi, jamani. Ni robo mita hapa, kipande pale, vinaishia kapuni chini ya meza, na mteja anaondoka na gauni lake akishukuru. Katika kapu hilohilo ndimo alimotoka Kidosho, mwanasesere ambaye mama alimshona kwa mkono wiki ile binti yake Chaki, wa miaka sita, alipolala na surua. Mwili wake ulikuwa wa bitana, nywele za sufu nyeusi, jicho moja kifungo cha shati na la pili kifungo cha koti, ndiyo maana alimtazama kila mtu kana kwamba hamwamini. Na gauni sasa! Maua ya zambarau, mikono mirefu hadi kwenye vifundo, vifungo viwili kila upande. Chaki alikua na magauni ya viraka; Kidosho alivaa kama mke wa waziri.

Mama alishafariki. Kidosho alikaa rafuni juu ya cherehani, na Chaki, mama mzima wa miaka hamsini na mitatu mwenye chaki nyuma ya sikio, bado alimwamkia kila asubuhi kabla hajafungua dirisha. Watu walicheka, naye akawaacha wacheke.

Siku moja akaingia Mwalimu, yule bibi mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma na nusu nyingine kunyamaza. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, naye akaleta mita nne za kitambaa ashonewe gauni lake mwenyewe la kwendea harusini. Chaki akapima, akakunja uso kitaalamu.

"Kitambaa kimebana kidogo, Mwalimu. Mikono itabidi iishie kiwikoni."

Maneno hayohayo Mwalimu aliwahi kuyasikia, ndani ya chumba hikihiki. Akainua macho kama mtu anayetafuta jambo alilolisahau, yakatua rafuni.

"Yule nani?"

"Kidosho. Mama alinishonea nikiwa mdogo."

"Mlete."

Mwalimu akavaa miwani, akageuza pindo la gauni lile, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Hiki ni kitambaa changu cha harusi," akasema taratibu. "Mama yako aliniambia kimebana. Niliolewa viwiko nje, mama mkwe akaniuliza kama nimekuja kufua. Na huyu je? Mikono mirefu! Na vifungo juu!"

Chaki alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mwalimu, marehemu…"

"Marehemu simsemi. Namsema aliye hai, aliyeniambia hivyohivyo sasa hivi." Akamtia Kidosho kwenye mkoba, kichwa kikabaki nje. "Jumamosi nakuja. Mikono ikifika hapa," akagusa kifundo, "utampata mtoto wako. Isipofika, huyu ni wangu. Nilishamlipia miaka arobaini na saba iliyopita."

Wiki hiyo Chaki hakutazama rafu, na kila alipoiepuka akaiona. Mama alikuwa ameshona maelfu ya nguo, na zote zilitoka mlangoni na wenyewe. Kidosho peke yake ndiye aliyeshonwa ili abaki. Kumpoteza kwa tamaa ya robo mita kulimuuma hadi akakosa hamu ya kula.

Alipima mara tatu, akakata. Kitambaa kilitosha. Kilitosha mikono, kikatosha mifuko, na bado ikabaki robo tatu ya mita. Mkono wake, kwa mazoea, ukaikunja na kuielekeza kapuni. Akauchapa kofi mwenyewe.

Jumamosi Mwalimu alivaa, akanyoosha mikono, akageuka mbele ya kioo kushoto na kulia.

"Kilichobaki?"

Chaki akaweka mezani kila kitu, hadi vijiuzi. "Na Kidosho, Mwalimu?" Sauti ilimtoka ya mtoto wa miaka sita.

Mwalimu akamtoa mkobani. "Gauni lake sikuligusa. Mama yako alikuwa mwongo, mwanangu, lakini mkono alikuwa nao. Hakuna mshono hata mmoja uliolegea."

Chaki akamkumbatia mwanasesere wake, akalia mbele ya mteja bila haya. Mwalimu alimsubiri amalize, kisha akasukuma kile kipande kikubwa kuelekea kwake.

"Mshonee jipya, uje naye harusini. Safari hii amepewa."

"Ahsante, Mwalimu. Nimshonee mtindo gani?"

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni, anaitazama mikono mirefu ya gauni lake jipya kwa raha zake.

"Wowote utakao. Ila mikono iishie kiwikoni. Naye aonje."