Domitila Anachagua Mazabodi

Selestini alifariki kwa malaria mwezi wa tatu, mwaka 2008. Chini ya kitanda chake, pale Nachingwea, aliacha katoni ya sabuni yenye kompyuta isiyokamilika: prosesa ambayo ndiyo ubongo wake, memori, na feni kubwa iliyoviringishwa kwenye gazeti. Kasha la kompyuta hiyo, ndani mna diski na kifaa cha umeme tu, lilisimama ukutani. Kilichokosekana ni mazabodi tu, ule ubao mpana ambao vifaa vyote huchomekwa juu yake.

Dada yake, Domitila, alikuwa mpiga chapa kwenye duka la fotokopi. Msibani hakulia. Alipika, akapokea wageni, akasugua masufuria, na matanga yalipoanuliwa akarudi kazini kama mtu aliyekuwa ametoka kununua chumvi. Watu walisema ana moyo mgumu. Yeye alikuwa akijichunguza ndani asikute kitu, si ugumu wala ulaini.

Mwezi wa sita wifi yake, Jenifa, mjane wa Selestini, alimletea ile katoni dukani.

"Maliza wewe, wifi. Mimi siwezi kuviangalia."

"Sawa," akasema Domitila. Siku hizo kila jambo kwake lilikuwa sawa.

Selestini hakutaka kompyuta ya hivi hivi. Ilikuwa ya kwanza kuiunda kwa mkono wake, na bado alitaka kuipandisha spidi, prosesa ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Jioni nyingi alimweleza dada yake habari hizo huku dada anatwanga kisamvu. Mazabodi alikwisha kuichagua: ya mtumba, ipo kwa fundi Ausi kule Ruangwa. Ungemsikia anavyoisifia ungedhani anaposa.

Basi Domitila akaomba ruhusa, akapanda gari la Ruangwa. Mashambani ufuta uliokatwa ulikuwa umesimamishwa mafungu mafungu ukauke. Aliutazama njia nzima, na alipofika asingeweza kukwambia ameona nini.

Duka la Ausi lilikuwa ubavuni mwa soko, jenereta dogo linanguruma nje.

"Pole sana, dada. Selestini alikuwa mtu wangu."

"Tumeshapoa," akajibu, kama inavyojibiwa.

Ausi akapanga mazabodi tatu mezani. "Hii ndiyo aliyokuwa anaiota. Ukiingia kwenye mipangilio yake unapandisha spidi utakavyo, unaongeza na umeme wa prosesa. Hii ya pili ni mpya, lakini imefungwa, itakwenda spidi ya kiwandani mpaka ife. Ya tatu ipo katikati. Mipangilio yake michache, inamfaa anayejifunza."

Domitila akaichukua ile ya kwanza, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga. Kazini alizoea kupitisha macho kwenye barua za watu mpaka yakwame penye kosa. Hapa yalikwama kando ya pahali pa prosesa, kwenye kapasita, vile vipipa vidogo vinavyotuliza umeme. Vingine vilikuwa bapa kichwani. Vitatu vilikuwa vimetuna.

"Hivi vimevimba, kaka?"

Ausi akainama, akaguna. "Sikuviona. Naweza kuvibadilisha. Ila ukiikimbiza, na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, siwezi kukuapia."

Domitila akasubiri uchungu umjie. Hiki ndicho kitu alichokitaka mdogo wake, nacho ni kibovu. Kama uchungu ungekuja, ungekuja hapa. Haukuja. Akauliza kama soketi ya ile ya tatu inakubali prosesa aliyonayo, na memori je. Ausi akasema zinaingiana zote. Akamwonyesha vipande vya alumini vya kupozea joto, pale umeme unapoingilia.

"Nipe hii."

"Lakini Selestini alitaka..."

"Selestini hayupo, kaka."

Hakuwa amewahi kulisema kabla ya siku hiyo. Sauti ilitoka kavu, kama anamwelekeza mtu kituo cha magari.

Jumapili Ausi alikuja Nachingwea na kioo na kibodi vya mtumba, wakaunganisha kila kitu kwenye meza ya Jenifa. Ausi aliporudi kwao, wanawake wale wawili wakabaki na kazi ya kupandisha spidi kama alivyowafundisha: unapandisha kidogo, unaijaribu, ndipo unapandisha tena. Mara mbili ilikubali. Mara ya tatu kioo kikawa cheusi.

"Tumeiua?" Jenifa aliuliza.

Domitila akazima umeme, akachomoa kibetri kidogo cha kwenye mazabodi kinachotunza mipangilio, akangoja, akakirudisha. Mashine ikaamka, imesahau yote waliyoiamuru. Akaipandisha tena hadi ile hatua ya pili, akaishia hapo.

Jenifa akaanza kulia, ameshika ukingo wa meza. Domitila akamwekea mkono mgongoni, akahisi mifupa yake ikitetemeka kiganjani.

"Spidi hiyo ingemtosha?" Jenifa akauliza, akijifuta kwa kanga.

"Hapana. Angeiunguza."

Jenifa akacheka katikati ya kilio. Kisha akauliza kama kuchapa ni kugumu kujifunza. Domitila akamsogezea kiti. Jenifa akaanza na jina lake mwenyewe, kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja moja.