Jina Ndani ya Kola

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi za usichana wangu, mteja wa ng'ambo alipoingia katika atelye yetu ya ushonaji, iliyoitwa Kasha. Tulikuwa wanawake wachache, tukishona magauni ya kitenge ya kupelekwa Ulaya, na ndani ya kila kola tulishonea etiketi: Kasha, Bukavu. Yule bwana akapapasa gauni, akasifu mishono, kisha akagusa etiketi.

"Hizi muziondoe. Kwetu wakisikia Bukavu, wanawaza vita tu. Nani atavaa vita?"

Nilikwisha kushika mkasi. Kazi ilikuwa adimu, na njaa, kama ujuavyo, haina adabu. Maman Nsimire, mkubwa wetu, akanizuia mkono.

"Mutoto, weka mukasi chini. Mama yako alikuzalia wapi?"

"Hapa hapa Bukavu, mtaa wa Bagira, maman."

"Sasa kuona haya iko ya nini?" Akamgeukia mgeni. "Papa, hizi nguo tulizishona hapa. Kama hautaki jina, acha na nguo."

Akaziacha. Tulinuna, sikufichi; wengine walisema Maman Nsimire ametuua. Yeye akayabeba magauni mwenyewe hadi soko la Nyawera, tukayauza taratibu kwa watu wa harusi, huku tukishona sare za shule ili tule. Chema chajiuza, walisema wahenga, ila hawakutuambia kinachukua muda gani.

Gauni moja lilisafiri na aliyelinunua hadi Kampala. Huko mama mmoja mwenye duka akalipenda, akageuza kola, akasoma. Katikati ya msimu wa mvua tukamwona anashuka kwenye pikipiki, viatu vimejaa matope, akiuliza, "Ndiyo hapa Kasha?" Maman Nsimire alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo magauni yetu yanavuka mipaka, na etiketi iko mahali pake.

Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa. Kazi ya mkono wako ifanye vizuri kwanza, kisha itie jina la kwenu bila kunong'ona. Atakayelikimbia, mwache aende. Anayekuhitaji ataujuaje mlango wako, ikiwa umeifuta njia mwenyewe?

Mungu akupe mikono isiyochoka upesi, na wageni wa heri, hata wakija na matope. Amina.