Bima ya Mjukuu na Mwavuli wa Mkwe

Mvua ya Rungwe haiombi ruhusa. Jumamosi ile ilinyesha mara tatu kabla ya chai, na bado watoto wa Masoko walishajaa ziwani, maana kulikuwa na jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Na mimi nimezaliwa zamani, mlima Rungwe naukumbuka ukiwa kichuguu.

Tajiri mmoja wa Mbeya alileta boti ndogo sita za plastiki, za mtoto mmoja mmoja, pamoja na pikipiki ya majini, ile inayonguruma kama dume la ng'ombe lililokanyagwa mkia. Akatangaza watoto watashindana kupiga kasia, kwenda ng'ambo na kurudi. Ila akaweka sharti moja: mtoto asiye na bima hashiki kasia.

Sasa mjukuu wangu wa kike, miaka kumi, huyo alianza kuendesha migomba kabla hajatambaa. Unamkatia vigogo vitatu vya mgomba, unavifunga kwa kamba, yeye anapanda na kuondoka kama mkuu wa wilaya. Wiki nzima hakulala. Alikuwa anakaa kitandani na mwiko, anapiga kasia gizani, kulia, kushoto, mpaka asubuhi tunakuta kitanda kimesogea mlangoni.

Tukaenda kwa wakala wa bima, kakaa chini ya turubai na fomu zake. Binti wa mjini, anaishi Msasani, kajifunga ushungi safi, viatu vimejaa tope la kwetu. Nikamwuliza bima ni nini, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe.

"Ni hivi, babu," akasema. "Mtoto akiumia kwenye boti, matibabu ni juu yetu. Boti yake ikigonga mwenzake, tunabeba sisi, siyo wewe."

"Na akipanda ile pikipiki?"

"Ile haiguswi na mtoto. Akipanda tu, bima imelala."

"Ikilala inakoroma?"

"Babu, kuna foleni nyuma yako."

Akasoma masharti. Mtoto avae jaketi la kuokolea. Nyuma ya boti yake kifuate chombo chenye watu wazima wawili, mwenye chombo na mzazi wa mtoto, na mmoja wao awe anajua kuogelea. Wote wawili waweke sahihi mbele yake, wapigwe picha ndani ya chombo. Chombo ninacho, mtumbwi wangu mwenyewe niliuchonga. Lakini baba wa mtoto siku ile alikuwa zamu Kiwira, chini ya ardhi, anachimba makaa. Mzazi aliyebaki ni mama.

Kwetu sisi Wanyakyusa, mke wa mwanao na wewe hamkutani uso kwa uso. Ukitokea njiani, yeye anaingia migombani mpaka upite. Vijana wa Tukuyu mjini siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao kama wanagombea udiwani, lakini mkwe wangu alilelewa na bibi yake kule Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na alilelewa akaleleka. Miaka kumi na miwili tunaishi uwanja mmoja, namjua kwa kikohozi na kwa ladha ya mboga. Ukiniletea wanawake wawili nikuonyeshe yupi mkwe wangu, nitawaomba wakohoe.

Mtoto akamfuata mama yake. Akaja, akasimama nyuma ya shina la mgomba, kajifunika mwavuli mweusi mpaka kiunoni. Mimi nikageuka kutazama mlima.

Wakala akatazama mwavuli, akanitazama mimi. "Mama, sogea hapa kwa mzee."

Mwavuli haukusogea.

"Mna ugomvi?"

"Ugomvi hakuna," nikamwambia. "Ni heshima."

"Basi heshima yenu itaingiaje kwenye picha? Nikipiga hivi naona mzee na mwavuli. Niukatie mwavuli bima?"

Watu wakacheka. Mjukuu wangu hakucheka. Wenzake watano walishavaa majaketi, wanakaa kwenye boti zao wanapimana urefu wa makasia. Ya sita ilikuwa tupu, inaelea, na yeye anaitazama kama mtu anavyotazama chakula cha jirani.

Wakala, kwa huruma yake, akaruka kile kipengele kwanza. "Tuanze na kingine. Nani anajua kuogelea?"

Ufuko mzima ukajibu kwa sauti moja, "Babu huyu."

Hapo nisimlaumu mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia, miaka yote, kwamba nilivuka hili ziwa kwa kuogelea na mkungu wa ndizi umening'inia menoni, samaki wakinisindikiza pande mbili. Kila nikisimulia, mkungu unaongezeka. Mwaka huu ulikuwa umefika mikungu mitatu.

"Andika," nikasema.

"Vizuri sana. Onyesha kidogo basi. Mpaka kwenye lile gogo na kurudi."

Nikaanza kufungua shati. Sijawahi kufungua shati taratibu namna ile. Nilikuta vifungo ambavyo hata fundi cherehani hakuvishona. Mjukuu ananitazama, kifua mbele, anawaambia wenzake, "Mtamwona sasa." Nikawaza: nikisema kweli, fomu inafungwa na mtoto anabaki nchi kavu. Nikiruka, ninayebaki majini ni mimi, na hiyo bima ni ya watoto tu. Nikaingiza mguu mmoja. Baridi ikapanda mpaka kwenye kofia.

Mwavuli ukaongea.

"Mwanangu," ukasema, kwa sauti ya adabu, ukiongea na mtoto kama inavyotakiwa, "mwambie babu avae shati lake. Babu hajui kuogelea."

Hata ile pikipiki ya majini ilizimika, nadhani ili isikie.

"Umejuaje, mama?" wakala akauliza.

"Kila akija kuoga, mimi nakuwa kwenye matete na ndoo yangu, nimejificha, nasubiri aondoke. Miaka kumi na miwili. Maji hayajawahi kumpita magoti."

Kicheko kilichotoka pale kiliangusha ndizi mbivu mpaka Tukuyu. Mimi ndiye niliyecheka kwa nguvu kuliko wote, maana ungefanya nini. Mjukuu akanishika mkono, ananong'ona, "Babu, na ile mikungu?"

"Mikungu ilikuwepo," nikamwambia.

"Sasa anayejua kuogelea ni nani?" wakala akauliza, kalamu hewani.

Nikasikia mwavuli unafungwa. Nikageukia migomba haraka, kama adabu inavyotaka. Kwa hiyo namna mkwe wangu alivyoogelea mimi sikuiona, niliisikia tu. Lilikuja pwaa moja, halafu maji yakawa yanapasuliwa taratibu kama mtu anachana kitambaa kizuri, na mjukuu ananitangazia: "Amefika kwenye gogo. Amelipita. Babu, anarudi kwa mgongo."

"Imetosha, mama, toka, utapata homa," wakala akasema. Akaandika.

Ikabaki ile picha. Nilikuwa na deni la aibu, akili ikanichemka. Nikamwambia wakala, "Shida huletwa na nyumba, maana mle watu wanakaa wakitazamana. Mtumbwi haupo hivyo. Yeye akae mbele, amtazame mtoto wake. Mimi nakaa nyuma na kasia. Kwenye karatasi yako pameandikwa tutazamane?"

Akasoma fomu juu mpaka chini. "Hapajaandikwa."

Mkwe akapanda kwanza, mwavuli kaulaza mgongoni, mimi nikapanda nyuma, macho kwenye mgongo wa mwavuli. Picha ikapigwa kwa pembeni. Yeye akaweka sahihi, mimi dole gumba, na wakala akanivalisha jaketi la kuokolea yeye mwenyewe, akalibana mpaka nikaimba.

Filimbi ikalia. Mjukuu akatoka kama amefukuzwa na nyuki, wa nne, wa tatu, na sisi nyuma yake tunakatika viuno. Katikati ya ziwa, mtoto yuko mbele hatua mia hata ukipiga ngoma hasikii, mkwe wangu akasema kwa adabu ileile:

"Mwanangu, mwambie babu apige kasia upande wa kushoto."

Nikapiga kushoto.