Shangazi na Sura za Getini

Shangazi yangu alikuwa mchoraji wa mabango ya vinyozi, na usimcheke. Mtaa mzima uliijua kazi yake: vichwa vya mitindo mbalimbali, vyote vyenye sura ya kinyozi mwenyewe, maana ndiye mlipaji. Vita vilipoingia, vinyozi wakafunga, na mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye baba yangu, akachukuliwa jeshini asisikike tena. Mimi nilikuwa bado tumboni. Nyumba ikaungua, picha zote zikateketea.

Shangazi akajitolea hospitali, shule iliyogeuzwa wodi. Hakwenda kwa huruma, alisema mwenyewe bila haya. Alikwenda kumtafuta ndugu yake. Wakampa ndoo na dekio. Lakini majeruhi wengi waliletwa hawajitambui, hawana karatasi wala jina, na watu waliokuja kuwatafuta walijazana wodini, wauguzi wakakosa pa kukanyaga. Muuguzi mkuu akamwambia awachore, picha zibandikwe getini.

Mwanzoni alichora kama alivyozoea: mashavu yamejaa, ngozi laini, nywele zimechanwa. Mama mmoja akasimama mbele ya picha ya mwanawe, akaitazama, asimtambue, akaenda zake. Kijana akafa hana mtu wa kumshika mkono. Tangu hapo Shangazi aliacha kupamba. Alikaa kando ya kitanda akimkodolea mtu macho hadi sura imkae kichwani, pamoja na uvimbe na meno yaliyovunjika. Wengi walipatikana kwa mkono wake. Wengi zaidi hawakupatikana, na hao alirudi nao nyumbani kichwani mwake.

Vita vikaisha. Ndugu yake hakuwa ameletwa. Akarudia mabango yake, akanilea mimi, kwa kuwa mama na bibi walikuwa wameshafariki. Alikuwa mtu wa kuchoka tu: ameamka kachoka, amekula kachoka, hata ukimsalimu anaitikia kama aliyebebeshwa gunia.

Nami nilitaka kitu kimoja duniani, sura ya baba yangu, na aliyebaki kuijua ni yeye peke yake.

"Shangazi, nichoree baba."

"Kesho, mwanangu."

Kesho hiyo haikufika. Nilinuna, nikamwita mchoyo mbele ya majirani, na sioni kama nilikosea. Kila mgeni aliyelazwa pale alipata picha, halafu mimi damu yake nipigwe danadana?

Nilipokaribia kuolewa nikamkalia kooni. Nikamwekea karatasi mezani, nikasimama mlangoni asitoke. Akashika penseli. Akachora paji la uso, akafuta, pua, akafuta. Mwishowe akatoka mwanamume mwenye macho ya upole, moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Ndiye?"

"Siye. Huyu alilazwa kitanda cha dirishani."

Akageuza karatasi, akaanza upya. Akatoka mwingine, taya limefungwa bandeji. Akaweka penseli chini.

"Sijakunyima, mwanangu. Wale wamenijaa. Kila nikimtafuta yeye, wanatangulia wao."

Hasira zote zikaniishia, nikabaki na uchungu mtupu. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye. Akaniinua kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga.

"Bibi yako alikuwa akisema umefanana na baba yako sana," akasema. "Nimekutazama tangu uzaliwe. Simwoni."