Besi ya Kahawia na Besi Nyekundu

Mume wangu Mikaeli hakuwa mtu wa kukosa usingizi. Mwaka ule mvua ya mawe iliponyesha kijijini kwetu Malindi, hii ya milimani, na kutuchania kabichi zote, yeye alilala akakoroma, mimi ndiye niliyekesha. Kwa hiyo nilipomwona mwanamume huyohuyo amekaa kitandani kila alfajiri, anajikanda mkono wa kushoto na kuniuliza, "Mama Elinuru, hivi ya kahawia au nyekundu?", nilianza kuogopa.

Alikuwa anazungumzia magitaa ya besi.

Ujana wake aliumaliza kwenye shamba moja la chai upande wa Amani, akipiga besi katika bendi ya wafanyakazi. Enzi za ruksa zilipoingia, biashara ikaachiwa huru, shamba likapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakasema wao wamekuja kulima chai, hawakuja kulima muziki. Bendi ikavunjwa. Mikaeli akarudi kwao milimani na besi yake mgongoni, akanioa, akalima karoti na kabichi, na kwaya ya usharika wetu ikampokea kama mvua. Kwaya yenyewe ilikuwa na magitaa mawili ya kulialia tu. Alipoingia yeye, hata mimi nisiyejua muziki nilisikia nyimbo zimepata miguu ya kusimamia.

Ila ukungu wa kwetu hauna huruma na mbao. Mwaka hadi mwaka ile besi ikapinda shingo, nyuzi zikawa zinagonga na kuzomea. Watu wakaanza kugeuka kanisani. Ikabidi inunuliwe nyingine, na kabichi za msimu ule zilikuwa zimekwenda vizuri, kwa hiyo cha kununulia kilikuwepo. Kilichokosekana ni uamuzi.

Nyekundu ilikuwa inaning'inia dukani kwa Saidi, pale Soni. Miaka ile maduka ya Soni yalikuwa yamefurika vitu vya Dubai, redio za kaseti, saa za kila rangi, mashati ya kung'aa, na katikati ya hayo yote Saidi alitundika gitaa la besi jekundu, dogo, jepesi, lenye shingo nyembamba. Ya kahawia ilikuwa ya Danieli, rafiki yake Mikaeli wa bendini, Mngoni wa Songea, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Danieli aliipandisha mwenyewe mpaka kwetu. Ilikuwa kubwa, nzito, ya Kijapani, imechubuka mahali mkono unapopita.

"Kaa nayo wiki hizi, kaka Mika," alisema. "Ukiamua, nitumie neno."

Jioni ile Mikaeli aliiunganisha kwenye spika yake na kupiga noti moja. Vikombe kabatini vilitikisika. Alifumba macho, akasema hiyo ndiyo sauti aliyoitafuta tangu atoke Amani. Nami nikafurahi, nikadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alipiga noti ya pili, ya tatu, kisha akaachia, akakaa ameinamisha kichwa. Kidole cha pete na kile cha mwisho vilikuwa vimejikunja, havifunguki. Ilibidi avinyooshe kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja.

Hiyo ndiyo siri iliyokuwa inamnyima usingizi, na aliyeijua ni mimi peke yangu. Baridi yabisi ilikuwa imemwingia vidoleni. Asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya shati. Nilimfunga mimi, chumbani, mlango umefungwa. Siku moja nilijisahau nikamshika kifungo uani, jirani yetu Mwanamisi akiwa anapita na kuni zake. Mikaeli alinisukuma mkono kana kwamba nimemchoma. Iliniuma, siwezi kudanganya.

Sasa mtu mzima na akili zake, kwa nini asinunue ile nyekundu yenye shingo nyembamba, vidole vikapumua? Ndivyo nilivyomwambia.

"Watauliza," akajibu. "Watu wote wanajua Danieli ameleta ile ya kahawia. Nikiiacha nikachukua ile ya Saidi, watauliza kwa nini. Nitasema nini?"

"Sema vidole vinakuuma."

"Mama Elinuru! Unataka nikabebe betri?"

Hapo alikuwa anamsema mpiga besi wa usharika wa ng'ambo ya bonde. Wale walikuwa wamenunua kinanda cha umeme, unabonyeza kitufe, besi inajipiga yenyewe. Mpiga besi wao sasa kazi yake ni kubeba betri na kukunja waya. Mzee Elieshi, mwenyekiti wa kwaya yetu, alikwenda kukiangalia kile kinanda na akarudi anatabasamu. Tabasamu lile Mikaeli alilihesabia kila maana isipokuwa njema. Alikuwa na hakika kwamba siku watakapojua habari za vidole vyake, Jumapili inayofuata kinanda kitakuwa madhabahuni na yeye atakuwa kwenye benchi la nyuma pamoja na wanaosinzia.

Basi akawa anahangaika. Siku ya gulio tulishuka Soni na matenga ya plamu, na kabla sijashusha langu alikuwa ameshapotelea dukani. Nilimkuta ameishika ile nyekundu, anapandisha na kushusha vidole bila kuunganisha umeme. Vilikuwa vinakwenda. Uso wake ulikuwa umekunjuka, nikakumbuka alivyokuwa tulipooana.

"Shikamoo, mzee," Saidi akasema akitokea nyuma. "Lakini hilo si gitaa lako. Hilo la wanafunzi. Mtu kama wewe nasikia una chuma cha Kijapani nyumbani."

"Marahaba. Naangalia tu," Mikaeli akasema, akalirudisha haraka kwenye msumari.

 Tulipofika nyumbani alipiga ile ya kahawia mpaka vidole vikagoma, kisha akaniambia atanunua nyekundu. Baada ya kula, akasema kahawia. Nilimwambia kama angenichumbia namna hiyo ningekuwa bado kwa baba yangu. Hakucheka.

Kisha Danieli akaja, anaona haya, akasema amepata mnunuzi mwingine na safari ya Songea imekaribia. Akaichukua ile besi na kushuka nayo. Nilimtazama mume wangu mlangoni. Alikuwa amebanwa na huzuni ya kweli, lakini mabega yalikuwa yameshuka. Uamuzi ulikuwa umefanywa na mtu mwingine. Sasa angeweza kununua nyekundu na kusema, jamani, ile nyingine iliniponyoka, na hakuna ambaye angeuliza swali. Alisema baada ya Jumapili ya mavuno atakwenda Soni. Akalala, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamsikia akikoroma.

Jumapili ya mavuno kwetu, baada ya ibada, kuna mnada. Kila mtu ameleta alichojaliwa, kabichi, ndizi, mayai, jogoo, na vyote vinauzwa uani kwa ajili ya kazi ya kanisa. Mgeni anaweza kudhani tumerukwa na akili. Mtu ananunua jogoo mmoja kwa bei ya mbuzi, kisha anasema, "Apewe mama mchungaji." Mama mchungaji anashukuru, naye anasema, "Auzwe tena." Jogoo anazunguka mpaka anachoka. Na ukipewa kitu ukakipokea, unashukuru palepale mbele ya watu: ukipewa khanga unajifunga unacheza, ukipewa muwa unautafuna.

Siku hiyo, kabichi zilipokwisha, Mzee Elieshi alitoka sakristia na kitu kirefu kimefunikwa khanga. Alipokifunua, nilikitambua palepale. Ilikuwa besi ya kahawia.

"Hii imeletwa na kwaya," akasema mzee, sauti imejaa furaha. "Tulimwona ndugu yetu anahangaika kuinunua, tukajua shida ni mfuko. Tukaenda kwa Danieli kimyakimya."

Wenyewe kwa wenyewe wakashindania bei kwa vicheko, mwisho Mzee Elieshi akaipata. "Apewe Mikaeli!" Vigelegele vikapasua masikio. Mimi nilishindwa kupiga. Nilikuwa nimeshika mikono yangu miwili kwa nguvu, ninaomba, na hata sijui nilikuwa ninaomba nini.

Mikaeli aliipokea. Wakaiunganisha. Kwaya ikaanza wimbo wa mavuno, na noti ya kwanza ilitikisa uani kote, watu wakapiga yowe la furaha. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Nilikuwa natazama mkono wa kushoto tu. Kwenye kiitikio besi inapanda na kushuka mbio, na mimi nilijua mahali penyewe. Ilipofika hapo, sauti ya chini ikakatika. Kwaya iliendelea kuimba peke yake, magitaa yakalialia kama zamani, na Mikaeli amesimama, vidole viwili vimejikunja juu ya nyuzi.

Wimbo ulipokwisha akasema haraka, "Nashukuru sana. Naitoa kwa Bwana. Iuzwe tena."

Nikapumua. Ndiyo desturi, hakuna anayeweza kuiulizia. Lakini watu waliguswa mno na moyo wake wa kutoa. Bei ikapanda mara mbili. Mzee Elieshi akainunua tena, machozi yanamlengalenga, akapaza sauti, "Na apewe Mikaeli!"

Ningeweza kumpiga mzee yule kwa tenga.

Akairudisha mikononi mwa mume wangu, na watu wakadai wimbo mwingine. Mikaeli alinitafuta kwa macho katikati ya akina mama. Sikujua nimpe ishara gani. Ningependa kusema nilimtia moyo, lakini nilitikisa kichwa tu kama mjinga.

Akaiweka besi chini, taratibu, ikaegemea spika. Kisha akainua mkono wa kushoto juu, vidole vikiwa bado vimejikunja, akaugeuza ili watu wa pande zote waone.

"Wapendwa, siwezi," akasema. "Shingo yake nene. Vidole hivi viwili vinajikunja kwa baridi yabisi, ni mwaka wa pili sasa. Asubuhi mke wangu ndiye ananifunga shati. Niliwaficha kwa sababu niliogopa mtanunua kinanda."

  Mzee Elieshi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mghoshi," akasema mwishowe, kwa lile neno letu la kumheshimu mwanamume, "kile kinanda nilikwenda kukitazama nikacheka njia nzima. Kinapiga besi kama mtu anayetwanga. Sasa niambie, iko unayoweza kuishika?"

"Iko Soni. Kwa Saidi. Lakini sauti yake ndogo."

"Tutaimba kwa sauti ya chini."

Siku ya gulio Mzee Elieshi aliibeba ile ya kahawia mwenyewe mpaka dukani, wakabadilishana na Saidi, na Saidi hakuamini bahati yake. Mikaeli hakutaka kwenda. Alibaki shambani akipalilia karoti, na nilipompelekea uji nikamkuta amekaa chini analia. Aliipenda sauti ile. Sikumwambia anyamaze; nilikaa naye mpaka uji ukapoa.

Jumapili iliyofuata kwaya ilipita kwetu kumchukua, wote, na sare zao, wakasimama uani wakiimba. Mzee Elieshi alikuwa na nyekundu begani. Mimi nilikuwa chumbani namngoja Mikaeli, mlango nimeshaufunga kama kawaida. Hakuja. Nikasikia viatu vyake vinapita sebuleni, vinatoka nje. Nikachungulia dirishani.

Alikuwa amesimama katikati ya uani mbele ya watu wote, shati liko wazi mpaka kitovuni.

"Mama Elinuru," akaita, "tunachelewa. Njoo unifunge."