Mahakama Iliyonipa Baba

Wanaosema sheria haijawahi kumpa mnyonge kitu hawakuwahi kuwa na mjomba kama wangu. Mimi sheria ilinipa baba, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Msinielewe vibaya, baba nilikuwa naye tangu nizaliwe, nyumba moja, chungu kimoja. Lakini kijijini kwetu, ukishapita Mahurunga kuelekea mtoni, mwanamume akioa huhamia ukweni, na watoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu yangu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Niliingia unyagoni ningali mdogo, kama ada ya kwetu, kwa amri ya mjomba, nikatoka kwa amri ya mjomba. Baba akijikohoza kutaka kusema neno, mjomba humwambia, "Shemeji, jogoo huwika, vifaranga ni vya kuku." Watu wanacheka, na baba naye anacheka.

Kwa hiyo siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu mkuu alipouliza mzazi wa mtoto ni nani, mjomba alinyoosha kanzu yake akatoa jina lake. Baba alikuwa nyuma yetu, amenibebea jembe la shule. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, akaandika alichoambiwa.

Nilipofika darasa la nne, msimu wa korosho ukanikuta. Mjomba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alipita mlango kwa mlango akihubiri kuwa utoro ni adui wa taifa. Alihubiri jioni. Asubuhi alinipeleka shambani kwake kuokota korosho na kunyofoa mabibo, wiki tatu mfululizo. Baba akamwambia, "Shemeji, mtoto asome." Mjomba akamwuliza, "Mtoto wa nani?" Tukaendelea kuokota. Na wenzangu waliokuwa shuleni nao waliokota korosho, ila za shamba la shule, na hiyo ikaitwa elimu. Tofauti ya mwanafunzi na mtoro ilikuwa mkorosho wa nani.

Niliporudi nilichapwa viboko sita, nikadhani yamekwisha. Kumbe kulikuwa na sheria ndogo ya halmashauri: mtoto akitoroka shule, mzazi anashitakiwa. Tarishi wa Mahakama ya Mwanzo akaja na baiskeli, na jina kwenye hati ya kuitwa lilikuwa la mjomba. Siku ya kesi tulikwenda wote, mimi na mama na baba nyuma yake.

Jamani, sijapata kuona mila ikifa haraka namna ile. Karani alipomaliza kusoma shitaka, mjomba alisimama, mkono kifuani. "Bwana hakimu, mimi ni mjomba tu. Haya mambo ya ukoo wa mama yamepitwa na wakati, serikali yetu imetuelimisha. Mtoto ni wa baba yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Mmoja wa wazee wa baraza alikuwa akisinzia kando ya hakimu. Alikuwa mtu wa kwetu. Akafumbua macho, akamtazama mjomba kwa muda, kisha akatazama dari.

Hakimu alichoka nasi: daftari la shule linasema mjomba, mjomba anasema baba. Akasema kama mzazi hajulikani basi ataifuta kesi, kila mtu aende kwake. Mjomba akaanza kuvaa kofia. Mama akamshika baba shati, maana alimjua mumewe. Angenyamaza tu tungerudi nyumbani wote, mimi moja kwa moja mpaka kwenye mikorosho.

Baba akasimama. "Ni wangu."

"Unakubali kosa?"

"Kosa silijui, bwana hakimu. Mtoto ni wangu. Andika."

Akaandikiwa siku saba. Alilala lokapu ya pale pale, mchana akafyeka majani ya mahakama na ya nyumbani kwa hakimu, ambako sijui sheria ndogo ilifikaje. Chakula kilipaswa kuletwa na jamaa, na mama alikuwa na mtoto mgongoni, basi jamaa nikawa mimi. Siku tano za shule zikanipita nikimpelekea ugali wa muhogo mtu aliyefungwa kwa sababu ya utoro wangu. Mwalimu mkuu aliziandika zote tano. Mjomba nilimchukia, sifichi, na mpaka leo nikila korosho namkumbuka.

Baba alipotoka alimwomba karani nakala ya hukumu. Karani alicheka, hajawahi kuombwa kitu hicho. Nyumbani akanipa nimsomee, maana yeye hakujua kusoma. Nikasoma kwamba mshitakiwa ni mzazi halali wa mtoto. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia mara tatu, naye akaikunja na kuiweka pamoja na kadi yake ya chama.

Mwaka uliofuata nikavunja ungo, na mjomba akaitisha kikao cha ukoo. Mchumba yupo, akasema, mtu mzima mwenye mikorosho yake, na shule imeshatosha. Baba hakuwahi kukaa kwenye mkeka wa kikao hicho. Siku hiyo aliingia, kandambili mkononi, akakaa, akanipa ile karatasi nisome mbele ya wote. Nilisoma mpaka pale pa mzazi halali, nikaparudia.

Mjomba akacheka. "Shemeji, hiyo si karatasi ya jela?"

"Ndiyo," baba akasema. "Yako iko wapi?"